Mita 700 hadi Kituoni

Mama mdogo wangu hahesabu mita. Kutoka mlangoni kwake Magomeni hadi kituo cha mwendokasi cha Mwembechai ni mita kama 700, nimezipima mwenyewe kwa simu, lakini ukimuuliza kuna umbali gani atakujibu: "Mitaro miwili, nguzo tatu, na yule fundi viatu." Mgeni akisikia hivyo hudhani anaelekezwa njia. Kumbe ndio umbali wenyewe anaotajiwa.

Mama mdogo alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya kisukari, na tangu hapo anatembelea kiti mwendo. Siku za kliniki mimi ndiye msukumaji. Nimeandika habari za miradi kwa miaka mingi. Nimehudhuria makabidhiano, nimesimama juani nikisubiri mgeni rasmi akate utepe, na sitakataa kwamba nimekula pilau nyingi za uzinduzi. Katika muda wote huo sikuwahi kujua kwamba kwenye njia ya waenda kwa miguu magurudumu madogo mawili ya mbele ya kiti ndiyo yanayoamua kila kitu. Nilijua urefu wa njia. Sikujua urefu wa kizingiti kinachoweza kumzuia mtu: sentimita 2 zinatosha.

Nianze kwa kuupa mradi wa mwendokasi haki yake, maana uungwana ndio huo. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza kubeba abiria Mei 2016, kilomita zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Wanaoikumbuka Barabara ya Morogoro ya kabla yake wanakumbuka vumbi, daladala zinazoshusha abiria popote, na watu wakitembea kwenye ukingo wa lami huku kioo cha pembeni cha lori kikipita karibu na sikio. Mradi ulileta njia za kutembea pande zote mbili, vivuko vyenye taa, miteremko ya kupandia vituoni, na vituo ambavyo sakafu yake inalingana na sakafu ya basi. Hilo la mwisho halina bei. Kwenye daladala mama mdogo hubebwa; anasema anabebwa kama gunia la mkaa, mmoja kwapani, mwingine magotini, na kondakta akihimiza. Kwenye mwendokasi anaingia kwa magurudumu yake, na abiria wanasogea. Dunia iliona. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, na binafsi sikuona ajabu.

Karatasi nazo zimetimia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotambua haki ya mazingira yasiyo na vikwazo, barabara zikiwemo. Kwa hiyo anayetaka kulaumu sheria atafute lawama nyingine. Sheria ipo, mradi umejengwa, fedha zilitolewa. Na bado asubuhi ya kliniki tunatoka nyumbani saa kumi na mbili kamili, saa nzima kabla ya muda unaohitajika, kwa sababu ya zile mita 700.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye namna tunavyohesabu. Ripoti za miradi huandikwa kwa kilomita. Utasoma kwamba zimejengwa kilomita kadhaa za njia za waenda kwa miguu, utekelezaji asilimia 100, na hakuna uongo ndani yake. Lakini anayekaa kwenye kiti hapiti kwenye wastani. Mtumbwi wenye mbao tisini na tisa nzima na ubao mmoja uliooza hauzami kwa wastani wa mbao zake. Unazama kwa ule mmoja. Mita 690 zilizojengwa vizuri na mita 10 zisizopitika zikiwekwa pamoja zinatoa njia isiyopitika, na aliyezijenga zile 690 hana namna ya kuliona hilo kwenye jedwali lake.

Chukua nguzo. Njia yenye upana wa mita 2 ni njia nzuri, mchoroni. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na mikono ya anayekisukuma mwenyewe inahitaji nafasi pembeni, kwa hiyo vipimo vingi hutaka angalau sentimita 90. Mita 2 zinatosha na kubaki. Sasa simamisha nguzo ya sentimita 30 katikati. Hukupunguza mita 2 zikawa sentimita 170. Umezaa njia mbili za sentimita 85 kila moja, na hakuna hata moja inayofaa. Aliyepima njia kwa tepu alipima upana wake, aliyesimamisha nguzo alihakikisha haiko barabarani, na wote wawili walirudi nyumbani wamefanya kazi yao.

Mteremko ni somo refu zaidi, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wazuri hujenga vitu vibaya. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda mbele. Ukingo wa njia ukiwa na kimo cha sentimita 15, mteremko wake unataka sentimita 180. Ikiwa njia yenyewe ina upana wa sentimita 150, na nyuma yake kuna mtaro au ukuta wa mtu, mteremko huo utawekwa wapi? Hauna pa kukaa. Ingetakiwa njia nzima ishushwe taratibu kabla ya kona, jambo ambalo ni lazima lifikiriwe tangu mwanzo, wakati wa kupanga kimo cha lami na cha mtaro. Lakini njia ya miguu hujengwa mwisho. Kabla yake kuna tabaka za barabara, kuna mtaro, kuna lami, na kila hatua ina kosa lake dogo. Mtaro ulilazimika kuinuliwa kidogo ili maji yatiririke. Lami ikaja juu au chini kuliko mchoro. Makosa yote hayo yanaletwa kwa fundi wa mwisho, mwenye koleo, zege linalokauka na msimamizi anayetazama saa. Anamwaga kipande cha sentimita 60, anakisawazisha kwa mwiko, anaendelea. Kwenye picha ya ripoti ule ni mteremko. Ukiukabili na kiti ni ukuta uliolala. Mara ya kwanza tulipoujaribu mmoja wa namna hiyo, kiti kiliinuka mbele, na mama mdogo akaangalia mbingu. "Leo nimeiona Kibla kwa juu," akasema. Tangu siku hiyo tunaipanda miteremko ya aina hiyo kinyumenyume.

Kuna jambo jingine ambalo halina jibu la tepu, nalo ni bodaboda. Foleni ikikaza, pikipiki hupanda njia ya miguu. Wananchi wakalalamika, na dawa ikapatikana: vinguzo vya zege vilivyopangwa mstari kwenye mwanzo wa njia. Sasa, pikipiki kwenye usukani wake ina upana unaokaribiana na wa kiti mwendo, na dereva wake anaweza kuilaza, kuikunja, kuipenyeza. Mama mdogo hawezi kukikunja kiti akiwa amekikalia. Ukivisogeza vinguzo vya kutosha kumpitisha yeye, umempitisha na bodaboda. Ukivibana kumzuia bodaboda, umemzuia yeye, na bodaboda atatafuta upenyo. Zege haliwezi kutofautisha nani ni nani. Hapo panatakiwa mtu, trafiki au mgambo au hata mzee wa mtaa mwenye sauti, na mtu ana mshahara wa kila mwezi, wakati zege hulipwa mara moja. Mradi unajua kununua vitu vya mara moja.

Na wasioona nao wana yao. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu anayetembea kwa fimbo nyeupe, hubishana na mama mdogo barazani karibu kila Ijumaa. Ukingo anaotaka mama mdogo uondolewe ndio ukingo anaoutegemea mwalimu. Fimbo inapougusa, anajua hapa njia imekoma, mbele ni magari. "Mkiniwekea sakafu tambarare kutoka dukani mpaka kwenye lori," anasema, "mmeniua kwa heshima." Wote wawili wana haki, na si kweli kwamba mahitaji ya watu wenye ulemavu ni kapu moja lenye dawa moja.

Ubishi huo ulishapatiwa ufumbuzi huko Japani zamani. Mwaka 1965 Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu vinavyosomwa kwa nyayo na kwa fimbo, na Machi 1967 vikawekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Lugha yake ina maneno mawili tu. Mistari mirefu inasema endelea; vinundu vinasema simama, angalia. Weka vinundu chini ya mteremko na umemrudishia mwalimu ukingo wake bila kumnyang'anya mama mdogo mteremko wake. Lakini lugha ya maneno mawili ni rahisi pia kuikosea. Kuna mtaa mmoja hapa mjini, sitautaja, ambapo vigae vya mistari vimepangwa ukingoni kabisa mwa barabara, mahali pa vinundu. Nina hakika fundi alivipenda kwa rangi yake ya njano. Mwalimu alipovikanyaga akaniuliza kama kuna kivuko. Hapakuwa na kivuko. Vigae vilikuwa vinamwambia endelea.

Sasa niseme la meza za wamachinga zilizopangwa njiani, ambalo wengi huanza nalo.

Mama mdogo alikaanga vibua kando ya barabara kwa miaka kumi na moja. Jiko la mkaa, karai, ndoo mbili, kibao cha kukatia ndimu, na koroboi kabla ya taa za barabarani kuja. Vibua hivyo ndivyo vilivyomsomesha binti yake hadi chuo cha uuguzi. Kwa hiyo anapokwama leo mbele ya meza ya mitumba hasemi maneno ninayoyasema mimi. Siku moja nilipandisha sauti kwa kijana muuza soksi, na mama mdogo akanigusa mkono. "Muache. Na mimi nilikuwa kizuizi cha mtu." Akanyamaza kidogo. "Sikumbuki hata mmoja aliyepita na kiti. Labda hawakupita kwa sababu nilikuwa pale."

Sera juu ya meza hizi zimekwenda na kurudi kama maji ya mafuriko bondeni Jangwani. Mwishoni mwa 2016 Rais Magufuli aliagiza wamachinga wasibughudhiwe. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia, wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo yaliyopangwa. Nakumbuka wiki ile. Njia ikawa nyeupe, ukaweza kuona kutoka kona moja hadi nyingine, na nilidhani zile mita 700 sasa zimekuwa mita 700 kweli.

Tulipopita ndipo tukaona kile ambacho meza zilikuwa zinakificha. Mahali palipokuwa na meza ya nguo palikuwa na shimo ambalo mwenye meza alikuwa amelifunika kwa ubao. Kwingine mfuniko wa mtaro ulishavunjika, na mama lishe alikuwa ameweka kipande cha bati na jiwe. Wenye meza walikuwa wakifagia kila alfajiri, walimwaga mchanga mvua ilipochimba, usiku waliwasha taa za mkononi. Bila mkataba wala malipo, na kwa kujitafutia wenyewe, walikuwa ndio watunzaji wa pekee wa njia waliyoiziba. Haijapita hata miezi miwili, nafasi ikachukuliwa na magari. Gari la mteja wa duka la vipuri, gari la mteja wa saluni, pikipiki kumi za vijana wanaosubiri abiria. Mama mdogo alinifafanulia tofauti kwa sentensi moja: "Meza unaipigia hodi. Gari unalipigia nini?"

Meza zimerudi, bila shaka. Zilirudi kwa adabu: kwanza ndoo iliyogeuzwa juu chini, kisha kimeza cha kukunja, kisha mwavuli, mwisho turubai. Na mama mdogo ana namba za simu za wenye meza wanne. Jioni ya kuamkia kliniki anawapigia mmoja mmoja. "Mwanangu, kesho saa kumi na mbili napita." Wanasogeza, na wanamsukuma hata mimi nikichelewa. Utaratibu huu unafanya kazi kuliko mabango yote niliyoyaona, na bado haunipendezi. Haki ambayo mtu anaiombea ruhusa kwa simu usiku wa kuamkia safari imeshakuwa fadhila, na fadhila ni ya wanaomjua. Mgeni kutoka Tandika mwenye kiti kama chake hana namba hizo.

Zaidi ya meza na magari, kuna wachimbaji. Uzuri wa vitofali vya kupanga, vile vya pevingi, ni kwamba vinaweza kung'olewa na kurudishwa. Bomba likipasuka au waya mpya wa intaneti ukitakiwa kupita, huna haja ya kuvunja zege. Shida ni neno "kurudishwa". Chini ya kitofali kuna mchanga uliosawazishwa, na chini ya mchanga kuna kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine. Anayekuja kuziba bomba haji na mashine ya kushindilia. Anakuja na koleo, sululu, na kijana wa kibarua. Udongo unarudishwa tifutifu, vitofali vinapangwa juu, siku hiyo panapendeza. Masika ikija panadidimia. Mwenye miguu anaruka bila kujua ameruka. Gurudumu dogo la mbele linazama na kiti kinasimama ghafla, aliyekikalia akiendelea mbele. Mifuniko ya chuma nayo hutoweka, kwa sababu mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo na hana mazoea ya kuuliza.

Nani wa kupanga upya kile kitofali? Nilitaka kujua, si kwa kuandika makala bali kwa kuchoka. Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi baada ya makabidhiano, mara nyingi miezi 12, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro zake kwa gharama zake. Baada ya hapo njia inakuwa ya mwenyewe, na mwenyewe ni wengi. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Taka zina idara yake, biashara zina afisa wake, nguzo zina shirika lake, mabomba lake. Nilipita ofisi tatu, na hakuna hata moja iliyonikosea adabu. Kwenye ya tatu afisa alinikaribisha kiti, akaagiza chai, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, hilo ni la wenzetu." Alikuwa ananielekeza kwenye ofisi ya kwanza.

Fedha za matengenezo zipo. Mfuko wa Barabara hutokana hasa na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matengenezo, mpango ambao nchi nyingi zingeutamani. Lakini shimo kwenye lami lina sauti. Magari hupiga honi, madereva hupiga simu redioni asubuhi, gari la mheshimiwa nalo hupita hapo. Kitofali kilichodidimia hakina redio. Anayekwama hapo hakwami mara mbili. Anakwama mara moja, halafu anabaki nyumbani, na njia ikihesabiwa tena inaonekana haina mtumiaji mwenye ulemavu. Nimewahi kusikia hoja hiyo kwenye kikao, kwa nia njema kabisa: kwa nini tuweke miteremko mahali ambapo hatujawaona wenye viti?

Asidhani mtu kwamba hili ni la kwetu peke yetu. Marekani ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 1990, na kanuni za mwaka uliofuata zinadai kwamba kilichojengwa kiendelee kutunzwa katika hali ya kutumika, si kujengwa tu. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaamua, katika kesi dhidi ya jiji la Sacramento, kwamba njia za miguu ni sehemu ya huduma za jiji zinazoguswa na sheria hiyo. Hata hivyo Los Angeles, jiji lenye fedha kuliko nchi kadhaa, lilikuwa na njia zilizopasuliwa na mizizi ya miti iliyopandwa na jiji lenyewe. Kwenye miaka ya 1970 lilijitwisha matengenezo ya uharibifu wa mizizi hiyo kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Fedha zikaisha, mizizi ikaendelea kukua. Wenye viti wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 jiji likakubali kutumia zaidi ya dola bilioni 1.3. Kiasi hicho hakinishangazi sana. Kinachonivutia ni muda: miaka 30. Hakuna mgeni rasmi anayeweza kuukata utepe wa miaka 30. Watakaoanza kazi hiyo watastaafu kabla haijaisha, na mkataba unawalazimisha hata waliokuwa hawajazaliwa uliposainiwa. Humo mna pia utaratibu wa mwenye ulemavu kutaja mahali mahsusi panapomkwamisha, pakawekwa kwenye orodha ya kurekebishwa. Yaani walikubali, baada ya kushtakiwa, kuhesabu kama anavyohesabu mama mdogo.

Sisi tuna kitu ambacho wao hawana, nacho ni Mwenge wa Uhuru. Kila mwaka unakimbizwa nchi nzima, unaweka mawe ya msingi na kuzindua miradi, na wakimbiza Mwenge wamewahi kukataa kuzindua miradi mbele ya kadamnasi kwa sababu ya kasoro walizozikuta. Wahandisi wanauogopa kuliko mkaguzi wa hesabu. Ningependa siku moja kiongozi wa mbio hizo aweke kando tepu ya kupimia, aketi kwenye kiti mwendo, na aende kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho bila kusaidiwa. Akikwama, jina la mahali alipokwama liandikwe. Safari hiyo hiyo irudiwe siku ya mwisho ya kipindi cha uangalizi, kabla mkandarasi hajalipwa ile sehemu ya fedha iliyozuiwa. Na mwenye kuketi siku hiyo awe mkazi wa hapo hapo, maana mhandisi aliyekaa kwenye kiti kwa dakika kumi huwa na haraka ya kutabasamu. Hakuna sheria mpya inayotakiwa kwa hilo. Panatakiwa kiti.

Fundi viatu niliyemtaja mwanzoni yuko kwenye mtaro wa pili, karibu na kivuko. Mfuniko wa hapo ulivunjika mvua za mwaka juzi. Upana wa pengo ni kama sentimita 50. Fundi hakuweza kuununua mfuniko wa zege, akatafuta ubao mnene, mninga au kitu cha jamii hiyo, akawa anaulaza pale mama mdogo anapotokea na kuuondoa akishapita, asije mtu akauiba. Hajawahi kudai chochote. Mama mdogo humpelekea viatu vyote vya ukoo, hata visivyoharibika.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kliniki, jua la saa saba likiwaka. Tulipofika mtaroni ubao haukuwepo. Fundi akaja mbio akijifuta mikono. Vijana wa mkandarasi walikuwa wamepita asubuhi, akasema, wakauazima. Wanamwaga mfuniko mpya wa zege huko mbele, kwenye duka la simu, na walikuwa wamepungukiwa ubao mmoja wa fomu. Zege likishika wataurudisha.

"Na huu wa kwangu wanaumwaga lini?" mama mdogo akauliza.

"Wamesema haumo kwenye orodha yao, mama. Wao wana ule mmoja tu."

Mama mdogo akafunga breki. Akatoa leso, akajifunika kichwa. Fundi akalitazama pengo, akatazama kiti, kisha akaenda kwenye kibanda chake, akalisukuma chini boksi la nyuzi na gundi, akaliinua benchi lake la kukalia, akaligeuza na kulilaza juu ya mtaro. Akalikanyaga mara mbili kulijaribu. Tukavuka polepole, mimi nikishika mishikio. Nilipogeuka nyuma kumshukuru, alikuwa amesimama juani na kiatu cha mteja mkononi, akisubiri magurudumu ya nyuma yaondoke ili apate pa kukaa.